Mama wa Ubatizo na Mabawa ya Chandarua

Kwa fundi cherehani, mwezi wa kumi na mbili hauna sikukuu. Una lawama tu. Watu wanakaa na vitambaa vyao kabatini tangu Pasaka, halafu Krismasi ikikaribia wanakumbuka wote kwa pamoja kwamba watoto wao hawana nguo. Mimi nashonea kwenye baraza ya duka la vitambaa, pale Tukuyu mjini. Duka ni la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na hakurudi tena. Mzee huyo huwa ananitazama mwezi huo na kutikisa kichwa. "Sikukuu ni yenu," ananiambia, "lakini anayefunga ni wewe." Kweli nilikuwa nasahau kula.

Mwaka ninaousimulia mvua ilinyesha kama kawaida yetu, bila kupumzika, na ukungu ulishuka hadi usawa wa mabati. Vitambaa havikauki, mikono inakufa ganzi, mteja anakuja na matope hadi magotini na kukuuliza kwa nini gauni la mwanawe halijaisha. Mume wangu ni dereva wa malori ya kwenda Kongo, na wakati huo alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Kila siku alinipigia kuniambia kwamba foleni imesogea kidogo. Nilichoka hata kumuuliza kidogo ni kiasi gani.

Shule zilikuwa zimefungwa, na binti yetu wa miaka saba hakuwa na pa kukaa ila na mimi. Alikaa chini ya meza yangu akikusanya vipande vya vitambaa, akachoka, akahamia saluni ya jirani. Mle kulikuwa na televisheni, na mwenye saluni alipenda zile filamu za kigeni ambazo mtu mmoja anatafsiri kwa Kiswahili sauti za wahusika wote, mwanamume, mwanamke na mbwa. Nikashukuru. Mtoto akiwa mbele ya televisheni hakuulizi kitu.

Siku moja alirudi ananiuliza.

"Mama, mimi nina mama wa ubatizo?"

"Unaye."

"Nani?"

"Si yule bibi yako wa Nkunga."

Nikaendelea na pindo langu. Baadaye sana ndipo nilipojua alichokuwa ameona: filamu ya Krismasi yenye familia moja ya watu wenye shida, na mama mwenye mabawa aliyeshuka kutoka angani kuwapa walichokitaka. Huyo mtafsiri, sijui alikosa neno au alikuwa na haraka, alimwita mama wa ubatizo mchawi. Mchawi mzuri.

Sasa nimweleze huyo bibi. Alikuwa rafiki wa marehemu mama yangu. Binti yangu alipobatizwa, niliyemchagua kusimama naye ni dada yangu wa Mbeya, lakini siku hiyo barabara iliharibika kwa mvua akashindwa kufika. Padri alikuwa na misa nyingine Igogwe. Akatazama kanisani, akamwona mama huyu amekaa nyuma na chupa ya maziwa aliyotuletea, akamwita mbele. Alipita akiwa na gumboti zake. Tangu hapo aliichukua kazi ile kwa uzito ambao dada yangu asingeuweza. Kila siku ya gulio alishuka mjini na mayai, au parachichi, au ndizi za mbalaga, akaketi kwenye baraza yangu, akamsikiliza mtoto akisali Baba Yetu hadi mwisho. Akikosea, anaanza upya. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa akisema Kinyakyusa na akabaki humo. Herufi r hakuwa na shida nayo kwa sababu hakuitumia kabisa. Krismasi kwake ilikuwa Klismasi.

Gulio lililofuata akaja kama kawaida, na fimbo yake ya mti wa kahawa kwa ajili ya goti bovu. Cherehani yangu ilikuwa imegoma tangu asubuhi, pedeli inakwama, na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Akainama, akachungulia chini, akachokonoa kwa ncha ya fimbo. Kipande cha satini kikatoka. Nikakanyaga, cherehani ikalia vizuri. Na kama kwa makusudi, umeme ukarudi wakati huohuo, redio ya saluni ikalipuka kwa kwaya.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama fimbo, akatazama taa, akamtazama bibi.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa sauti ndogo, ingawa alikuwa ameshamwamkia.

"Malahaba, mwanangu. Mbona unanikodolea?"

"Naomba nishike fimbo."

Akapewa. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai.

Mimi nilicheka kidogo na kurudi kwenye kazi. Ningekuwa na nguvu ningemkalisha mtoto nikamuuliza kichwani mwake kuna nini. Lakini nilikuwa na magauni ya watoto wa watu mpaka shingoni.

Kigangoni kwetu watoto walikuwa wanafanya mazoezi ya igizo la Krismasi, na binti yangu alikuwa kondoo. Kondoo hana maneno, kwa hiyo alikuwa na muda mwingi wa kuongea. Aliwaambia kondoo wenzake, kisha wachungaji, kisha malaika, kwamba mama yake wa ubatizo ni mchawi. Aliongeza kwamba ni mchawi mzuri, lakini neno hilo la pili halikufika nyumbani kwa watu.

Nililijua jambo hili kwa mteja mmoja aliyekuwa ameniletea vitambaa vya binti zake. Alikuja mvua ikinyesha, hakutaka hata kukaa.

"Dada, nimefuata vitambaa vyangu."

"Njoo kesho kutwa, bado sijatia mikono."

"Nipe hivyohivyo."

"Hivyohivyo vipi? Magauni hayana mikono."

Akasogea karibu. "Yule bibi anayekaa hapa siku za gulio. Anavishika?"

"Huwa ananisaidia kung'oa nyuzi. Kwani vipi?"

"Mwanao mwenyewe amesema kanisani. Mbele ya watoto wangu." Akatazama kile kiti cha pembeni ambacho mama huyo alizoea kukalia, kana kwamba bado yumo. "Mimi sisemi kitu. Ila watoto ni wangu."

Nikamfungia magauni yake kwenye mfuko wa nailoni. Kwetu neno hilo halichezewi. Mama mzee, mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, hahitaji mtu mwingine wa kumtaja. Nilimwita binti yangu kutoka saluni, akanieleza filamu yote kwa furaha, na kila alipotaja lile neno nilitazama barazani kama kuna anayetusikia.

Kesho yake nilifunga cherehani mapema. Wateja wawili walinifokea, nikawaacha wanafoka. Tukapanda bodaboda mimi na mtoto, tukaishia pale matope yalipomshinda dereva, tukamalizia kwa miguu katikati ya migomba hadi kwake. Alikuwa anamkamua ng'ombe. Hakusimama.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu. "Mmekuja na mvua yote hii. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Basi kaeni nimalize."

Nilimwambia yote mlemle bandani, kwa sababu nilijua nikikaa kwenye kiti nitasinzia au nitalia. Alisikiliza, na maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Nilipomaliza alimgeukia mtoto.

"Nihadithie hiyo sinema. Tangu mwanzo."

Mtoto akahadithia. Bibi alikuwa akimkatiza.

"Kwa hiyo huyo mama ana mabawa?"

"Ndiyo bibi. Yanang'aa."

"Na kazi yake nini?"

"Anawapa watu wanachotaka. Lakini Krismasi tu."

"Mwaka mzima anakula nini?"

Mtoto alifikiri sana. "Hawakuonyesha."

Bibi akacheka, akashika ubavu, akakohoa, akacheka tena. Mtoto akaona amepata nafasi. Akasogea hadi kwenye goti lake.

"Bibi, mlete baba. Yuko Tunduma."

Kicheko kikaisha. Aliweka ndoo pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Hilo siliwezi, mwanangu. Ningeliweza, ningemludisha wa kwangu kwanza. Mimi nina ng'ombe mmoja na goti moja zima. Nikikuombea, naomba kama unavyoomba wewe. Umenielewa?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa, lakini midomo ilikuwa imeanza kupinda. Akapewa maziwa ya moto kwenye kikombe cha bati akaenda kunywa jikoni.

Tulipobaki wawili aliniuliza, "Umewahi kuniona nikipika msibani?"

Nikakumbuka misiba yote tuliyokutana, wa mama yangu ukiwemo. Sikuwahi.

"Naosha vyombo," alisema. "Tangu mume wangu alipofaliki, na mtoto wa shemeji yangu akaugua mwezi huohuo. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilifika msibani nikakuta kisu changu kimeshikwa na mwingine, nikaambiwa mama, wewe pumzika. Nikaona bola nioshe vyombo kuliko kukaa kama mgeni."

"Mama, watasahau. Ni maneno ya watoto."

"Hawasahau. Wananyamaza tu." Akamfungua ng'ombe kamba ya miguuni. "Hilo igizo lenu ni siku yenyewe ya Klismasi?"

"Ndiyo."

"Nitakuja. Nishonee mabawa."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia nina kazi za watu, sina kitambaa, sina nguvu, na kwamba kufanya hivyo ni kumwaga mafuta kwenye moto. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akasema, "Yawe makubwa."

Mkesha wa Krismasi, mchana, wakati wateja wamejipanga barazani kama wagonjwa, nilikuwa nakata chandarua kikuukuu kwa ajili ya mabawa ya mwanamke wa miaka sabini na kitu. Mzee wa duka alinipa waya wa kufungia marobota. Hakuuliza ni wa nini hadi nilipoanza kuukunja, na nilipomweleza alienda ndani akarudi na kipande cha kitambaa cha fedha, masalia ya nguo za bibi harusi. "Kama ni kung'aa, yang'ae," alisema. Nilishona nikiwa na usingizi kiasi kwamba bawa moja lilitoka refu kuliko lingine. Sikulifumua.

Katekista ndiye aliyekuwa msimamizi wa igizo. Asubuhi ya Krismasi, kabla ya misa, alipoona kile nilichobeba alinivuta pembeni.

"Mama, kwenye Injili hakuna mtu wa namna hii."

Kabla sijajibu, bibi mwenyewe alikuwa amefika nyuma yake, na gumboti zimeoshwa.

"Mwalimu," alisema, "na yule ng'ombe wenu wa boksi, yumo kwenye Injili?"

Katekista akamtazama ng'ombe wa boksi aliyekuwa ameegemea ukuta, sikio moja limelowa na kuning'inia.

"Basi asiongee sana," akaniambia mimi.

Igizo lilifanyika baada ya misa, humohumo kanisani, kwa sababu nje mvua haikuwa na habari na sikukuu. Mariamu alimshika mtoto wa plastiki kichwa chini. Wachungaji walikuja, kondoo wangu akapita kwa magoti akiwa na pamba mgongoni, akanipungia mkono, jambo ambalo kondoo hafanyi. Mamajusi wakatoa zawadi zao za maboksi ya sabuni. Halafu mlango wa pembeni ukafunguka na kitu kikakwama. Mabawa hayakupita. Alirudi nyuma, akageuka ubavu, akaingia kama mtu anayeingiza godoro ndani.

Kanisa likanyamaza. Si ule ukimya wa igizo. Nilimwona mama mmoja wa benchi la mbele akimvuta mwanawe mapajani. Binti yangu alisimama wima katikati ya kondoo, mikono mdomoni.

Bibi akagonga fimbo sakafuni.

"Nimesikia mtoto amezaliwa," alisema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Mmealika wafalme wa mbali. Mmealika mpaka mbuzi. Mama wa ubatizo hakualikwa."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia.

"Nimesikia pia kwamba mimi ni mchawi."

Hapo hata watoto waliacha kukohoa. Katekista alikuwa ameshika kichwa.

"Haya. Leo ni Klismasi, natoa bule. Mwenye haja aseme."

Hakuna aliyesema. Nilihesabu makosa yangu yote yaliyotufikisha pale, kuanzia saluni. Kisha Yusufu wa igizo, mtoto wa jirani yetu, ambaye ndevu zake za pamba zilikuwa zimeanguka tangu Mariamu alipopata mimba, akainua mkono kama yuko darasani.

"Naomba ndevu zikae."

Bibi akamwendea taratibu kwa goti lake, akazibandika kidevuni, akazikandamiza kwa kidole gumba, akatamka kitu kwa Kinyakyusa. Akaachia. Ndevu zikakaa. Watu wakavuta pumzi. Halafu zikaanguka.

"Mnaona?" alisema bibi, akiligeukia kanisa. "Ndio uchawi wangu huo."

Kicheko kilianzia kwenye kwaya. Mzee mmoja wa sauti ya nne akasimama, akapaza sauti: "Mimi nataka goti langu lipone!"

"Hata langu halijapona, baba. Kaa kwenye foleni!"

Basi. Hapo mambo yakaharibika, au yakanyooka. Aligeuka kumjibu mwingine, bawa lile refu likanasa kwenye mti wa Krismasi, tawi la msandarusi lililopambwa maputo, naye akaenda hatua moja zaidi na mti ukamfuata. Maputo yakapasuka moja baada ya jingine, kondoo wakakimbia, mfalme mmoja akaangukia hori, na binti yangu akawa anapiga kelele, "Bibi, bawa! Bibi, bawa!" huku ameng'ang'ania chandarua. Katekista alikuwa amekaa ngazi ya altare anafuta machozi kwa kitambaa. Wanasema na mimi nilicheka mpaka nikapiga benchi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimekaa na mikono mitupu, na kwamba sikutaka kusimama tena.

Nisidanganye kwamba kila kitu kilikwisha pale. Yule mama wa benchi la mbele aliondoka na wanawe kabla ya baraka ya mwisho. Yule mteja wangu hakurudi tena kwenye baraza yangu. Niliwaona binti zake siku hiyo, wamevaa magauni ya dukani yaliyowabana kwapani. Lakini nje, chini ya turubai, ambako wanawake walikuwa wanaandaa chakula cha kigango, bibi alipita akiwa bado na bawa moja mgongoni, na mmoja akamsogezea kigoda na kisu cha kumenyea ndizi. Mwanamke aliyekuwa jirani na kigoda hicho akahamisha chake. Bibi akakaa. Alimenya kwa haraka sana, hakuinua macho, maganda yakijaa miguuni. Nilimwacha hapo. Nilitaka kwenda kumsaidia kuvua lile bawa, nikaona nisimguse.

Jioni bibi alikuja nasi nyumbani, tukala wali na kuku niliyemnunua amechinjwa, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumkimbiza aliye hai. Baba mtu akapiga simu. Foleni ilikuwa imesogea kidogo. Binti alimsimulia kuhusu mti na maputo, akacheka peke yake sehemu ambazo baba yake hakuelewa, kisha akamwambia, "Bibi hawezi kukuleta, baba. Nimemuuliza. Njoo tu mwenyewe." Nilichukua simu, nikamuuliza kama amekula.

Nilimsihi bibi alale kwetu. Akakataa, ng'ombe hajakamuliwa. Tukamsindikiza hadi barabarani, mvua ikiwa imepungua na kuwa manyunyu. Dereva wa bodaboda alimwangalia mara mbili.

"Ndiye huyu wa kanisani?" aliniuliza pembeni.

"Ndiye."

"Mh," alisema, kisha akafuta kiti kwa sweta lake kabla hajampandisha.

Bibi alijifunga kanga kichwani, akaweka fimbo mapajani, akamwambia dereva aende polepole kwenye kona. Alimwita mtoto. "Gulio lijalo tunaanza sala ya Nasadiki," akamwambia. "Baba Yetu umeshaijua." Mtoto akaguna. Pikipiki ikaondoka.

Tulirudi ndani tumelowa. Sufuria zilikuwa kwenye beseni, meza imejaa mifupa, na mtu mmoja alikuwa ameshapita akaacha ujumbe kwa jirani kwamba sare za shule za wanawe anazitaka kabla ya Januari. Nilizima taa ya jikoni nisivione vyombo. Mtoto akaja akalala miguuni pangu na pamba yake ya kondoo mgongoni, nami sikuwa na nguvu ya kumvua.